Ndama wa Mathe Ana Misuli Kuniliko

Wasee, leo nimeburutwa na ndama.

Nimefika nyumbani Molo, mathe akaniambia nimpeleke ndama malishoni. Nikashika kamba. Weuh! Alinivuta mpaka katikati ya kabeji, nikalala kifudifudi.

Nikainuka nikamwangalia vizuri. Mabega! Mapaja! Shingo kama ya fahali, na bado ananyonya!

"Mathe, huyu unampea nini?"

"Si ile maziwa ya ndama, ya unga, uliniachia Krismasi? Mungu akubariki."

Ule ulikuwa mkebe wangu wa protini, wa kujenga misuli. Niliusahau tu kwa kabati.

Nikasema amina.

Mathe akanishika mkono, huu nimebebea vyuma gym mwaka mzima, akauliza:

"Na wewe, huko Nakuru huwa unakula kweli?"