Mistari Yangu Minne

Siku ya kwanza nilipewa kiti chenye mgongo. Nyumbani kwetu Dodoma, upande wa Hombolo, kiti hicho cha plastiki hukaa chumbani kimefunikwa kitambaa, na hutolewa akija mchungaji, mwenyekiti wa kijiji au mnunuzi wa zabibu. Mimi nimezaliwa katika nyumba ile. Nimekalia ndoo, nimekalia kinu, nimekaa chini. Baba alikibeba mwenyewe, akakipangusa vumbi kwa kiganja, akasema, "Karibu mama, pumzika." Nikamwambia shikamoo, akaitikia marahaba, nikakaa. Wifi yangu akaniletea maji ya kunawa, kisha wali na kuku. Katika nyumba ya ugali wa uwele na mlenda, wali una maana yake. Nilikula huku nimekasirika, na kuku alikuwa mtamu, jambo lililozidi kunikasirisha.

Niseme mapema nilikuwa nimefuata nini. Nilikuwa nimerudi moja kwa moja, ila kwenye simu nilisema tu kwamba nakuja. Miaka kumi na mmoja nilikuwa mpishi wa safari za milimani, goti la kulia likaanza kugoma kwenye miteremko, na mimi mwenyewe nikachoka kulala katika nchi nisizojua hata neno lao la samahani. Nilipanda ndege, nikapanda treni kutoka Dar, kwenye stendi ya Nzuguni nikatafuta gari la kunifikisha kijijini, na njia nzima nilikuwa na wazo moja tu: mistari yangu.

Baba ana shamba la mizabibu, na kwake kila mtoto wa nyumba ana mistari yake. Ukifika umri wa kushika mkasi bila kujikata, unakabidhiwa, na tangu siku hiyo hakuna mwingine wa kuipogoa, hata baba mwenyewe. Ukiugua, inakusubiri. Yangu ilikuwa minne, ile ya mwisho kabisa, karibu na ua wa minyaa. Sina cheti kingine cha kuonyesha kwamba mimi ni wa pale. Nilikuja wakati wa kupogoa kwa makusudi, nitiwe mkasi mkononi, nijue kama bado nina kwetu.

Safari zangu zilianzia Kilimanjaro, jikoni, nikiwa mwanamke pekee kati ya wanaume waliokuwa na uhakika kwamba nitashuka siku ya pili nikilia. Sikushuka. Kampuni moja ya wageni ikanichukua, nikawa nakwenda kokote walikopanda: Nepali, Kirigizia, Peru, Jojia. Watu wakisikia hivyo husema nimeiona dunia. Nimeiona kupitia mlango wa hema la jikoni. Nimejifunza kwamba ukivuka mita elfu nne maharage hayaivi katika sufuria ya kawaida, kwa sababu maji ya huko huchemka kabla hayajapata moto wa kutosha. Mtu wa Dodoma nitajuaje? Niliyachemsha tangu asubuhi hadi jua linazama, nikawalisha wageni kokoto. Walikuwa wastaarabu, wakazitafuna.

Upweke wa kazi ile hauko mlimani. Mlimani kuna kelele, kuna wagonjwa wa kichwa, kuna anayetaka chai isiyo na maziwa na anayetaka maziwa yasiyo ya ng'ombe. Upweke uko mjini, baadaye. Kundi likishashuka watu wanakukumbatia, wengine wanalia, wanaapa hawatakusahau, halafu gari linawachukua kwenda uwanja wa ndege, nawe unabaki kwenye hoteli ndogo kungojea kundi linalofuata. Bishkek, huko Kirigizia, nilikaa hivyo siku tisa. Nilikuwa naenda sokoni kubishania bei ya nyanya nisizozihitaji, ili mradi mtu anijibu. Lima niliwahi kumaliza Jumapili nzima bila kufungua mdomo, na jioni nikajisalimia mwenyewe kwa Kigogo, nione kama sauti bado ipo. Ilikuwepo. Nikalia, sifichi.

Miaka ya mwanzo nilirudi kila mwaka kupogoa. Baadaye nikawa napiga simu tu. Baba hakuwahi kuniuliza kuhusu theluji wala vilele. Alikuwa na swali moja: "Msimu huu utakuja kwenye mistari yako?" Nami nilikuwa na jibu moja: "Msimu ujao, baba." Mizabibu ya Dodoma huzaa mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo na mimi nilikuwa nadanganya mara mbili kwa mwaka. Kisha ukafika msimu ambao hakuuliza. Tuliongea habari za mvua, za mtama, za dirisha lililovunjika kanisani, akaniaga. Nilimshukuru Mungu kwamba siku hiyo sikulazimika kudanganya. Mjinga mimi. Mtembezi hula miguu yake, walisema wakubwa, na mimi nilikuwa nimeshafika magotini.

Jojia ndiko nilikopata nyumba kwa siku chache, na niliipata kwa kuharibu. Barabara ilikuwa imefungwa na maporomoko, kundi langu limekwama upande wa pili, nikapanga chumba kwa bibi mmoja kijijini. Uani alikuwa na mizabibu, imeshavunwa, majani yamekuwa ya njano. Jicho la Dodoma likaona kazi. Kwetu ukishavuna na mzabibu ukapumzika kidogo, unapogoa, unachipua, maisha yanaendelea. Basi nikachukua mkasi uliokuwa ukining'inia mlangoni, na kabla ya chai nikawa nimemaliza mstari mzima, safi kabisa, nasubiri kusifiwa. Bibi akatoka na birika. Alinifokea mpaka mbwa akaondoka. Akanyoosha kidole juu ya vilele, akajikumbatia na kutetemeka, akalaza kichwa juu ya viganja, akaninyooshea vidole kuhesabu miezi. Hatimaye nikaelewa kwamba huko mzabibu hulala majira yote ya baridi, na haukatwi mpaka baridi kali ipite, la sivyo jeraha linapigwa na barafu. Sikujua kwamba kuna mizabibu inayolala. Kwa siku tatu hakunipa tabasamu, lakini alinipa jozi, zile kokwa zao ngumu, nizipasue, akanituma maji, akanirudishia sahani niliyoosha vibaya. Nilioga kwa raha, nililala kama mtoto. Zilikuwa siku zangu nzuri kuliko zote za miaka ile, na jina la bibi yule sikulijua.

Sasa rudi kwa baba. Siku ya pili nilijitosa kwenye vyombo. Wifi akaninyang'anya sufuria taratibu. "Wifi, acha, umetoka mbali." Yeye ni Mrangi wa Kondoa, aliolewa na kaka yangu, na kaka anafanya kazi Mwanza, huja mwisho wa mwaka. Ni mwanamke mwema, hana neno, na siku ile nilimchukia kidogo. Kilichoniuma zaidi ni lugha. Yeye na baba wanaongea Kigogo kutwa nzima, wanataniana, baba anamkaripia kuhusu mbuzi, naye anamjibu. Akinigeukia mimi, baba anabadili. Ananisemesha Kiswahili, kile cha polepole anachokitumia kwa watu wa ofisini. Nilimjibu kwa Kigogo. Akaendelea na Kiswahili.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Siku ya tatu niliamka kabla ya jogoo, nikajifunga khanga chakavu, nikakaa kizingitini niitwe. Baba akatoka na wifi, kila mmoja na mkasi wake. Wakanisalimia kwa upole, wakapita. Nikawafuata. Upepo ulikuwa umeanza kupeperusha vumbi jekundu, baba amefunga kilemba mpaka puani. Nikapitiliza hadi kwenye minyaa.

Mistari yangu ilikuwa imeshapogolewa, na ilikuwa imepogolewa vizuri. Mimi huacha macho matatu ya kuchipua kila tawi. Yalikuwa mawili, na mikato imelala upande mmoja, mkono wa mtu mwingine, tena mkono uliozoea. Nilisimama pale nikijaribu kutafuta tawi moja baya nilisahihishe. Halikuwepo.

"Misimu miwili iliachwa ikawa msitu," baba alisema nyuma yangu. Hakuwa na hasira. Laiti angekuwa nayo. "Nikaona inakufa. Nikampa huyu wifi yako."

"Nipe mkasi, baba. Niwasaidie hata hii ya katikati."

"Utachubuka mikono, mama. Ndege yako ni lini?"

"Sina ndege. Nimerudi. Nimerudi kabisa, baba, nimeacha kazi."

Aliniangalia, macho yamebanwa kwa sababu ya vumbi. Kisha akasema, "Ninyi watu wa safari mna maneno mazuri," akarudi kwenye mstari wake. Wifi alikuwa ameinamia tawi muda wote, hakati kitu. Nikakaa chini, kwenye mchanga, nikawaangalia wakifanya kazi mpaka jua likawa kali. Nilitaka kusema nisameheni na sikujua niiseme kwa lugha gani.

Siku ya nne asubuhi baba alinikuta nimekaa nje, kwenye kile kiti. Mkononi alikuwa na mfuko wa sandarusi, umefungwa kwa kamba kwa mafundo yake. Ndani, alisema, kuna mlenda mkavu, karanga na zabibu kavu za mavuno haya, zote amezichambua mwenyewe, punje kwa punje, jioni baada ya jioni, tangu aliposikia nakuja.

"Mara ya mwisho uliondoka haraka, hatukupata hata cha kukupa," alisema. "Iliniuma sana. Safari hii nimejiandaa mapema."

Niliupokea kwa mikono miwili. Ulikuwa mzito.

"Baba, siondoki."

"Sawa, mama," akasema, na sauti yake ilikuwa na upendo wote ambao mtu anaweza kuutaka. "Ila uuweke karibu na mlango, usije ukausahau."