Madebe kumi na mawili ya mtama wa mamangu juu ya nyumba ya Bi Mwanasiti

Wakuu, salaam aleikum. Mlio kazini na mlio kitandani na simu, nyote nawasalimu.

Nimesoma humu nyuzi nyingi za ukame na tabianchi, watu waandika Kizungu kirefu. Mimi niliishia darasa la nne. Lakini hili nililiona kwa macho na nikalibeba kwa mikono, na sitatia chumvi. Chumvi niliyobeba Shimanzi yanitosha umri mzima.

Majina nitataja. Wao hawakuona haya kutenda, nami sioni haya kusema.

Ilikuwa miaka ya tisini. Nilikuwa hamali kwenye godauni moja Shimanzi, Mombasa, nalala Tononoka chumba kimoja na wenzangu wawili. Kwetu ni bara, juu ya Kinango huko, mahali ambapo mvua huja kama mgeni asiyewapenda wenyeji.

Mwaka mmoja kabla ya haya, ukame ulitumaliza. Ng'ombe walikwisha wote. Babangu akawafuata, na hadi leo ukiniambia alikufa kwa maradhi nakutazama tu.

Hapo ndipo namtaja wa kwanza. Bwana Shamba Chirima.

Zamani kwetu watu walilima mtama. Chirima akaja na pikipiki yake akasema mtama ni chakula cha ndege, mtu wa kisasa hupanda mahindi. Watu wakamsikiza, kwa sababu alikuwa na pikipiki. Mahindi yakawa yakifika magotini yanakauka, mwaka baada ya mwaka. Chirima akahamishwa, akaenda kuharibu kwengine.

Mamangu peke yake hakumsikiza. Kila mwaka alipanda matuta machache nyuma ya nyumba, na masuke ya mbegu akayaning'iniza jikoni juu ya mafiga, yapate moshi, wadudu wasiyaguse. Nje yalikuwa meusi kama makaa. Ndani, punje nzima.

Sasa siku moja godauni akaingia mwanamke amevaa buibui, chini amevaa buti za shamba. Daktari Rukia. Si daktari wa sindano, ni wa utafiti wa mazingira, mwenyeji wa Mji wa Kale. Alikuwa akitafuta mimea inayovumilia kiu, watu wa nchi kavu wapate cha kupanda mvua ikigoma.

Wenzake walikuwa wakizunguka vijijini na magari. Yeye alisema vijiji vyote vikavu viko hapa Shimanzi vyabeba magunia, kwa sababu ukame ndio uliotuleta. Akauliza nani kwao bado kuna mbegu ya zamani.

Nyapara wetu, Kombo, huyo wa pili, akacheka mbele ya watu wote.

"Daktari, hawa wajua uzito tu. Hawana jengine walijualo."

Wenzangu nao wakacheka. Mimi saa ya chakula nikamfuata yule mama nje nikamwambia habari za jikoni kwa mamangu.

Jumapili nikaenda nyumbani. Mamangu alinihoji kuliko askari. Mbegu yetu haiuzwi, wakuu, huazimwa, na hurudi kwa mwenyewe ikivunwa. Mwisho akakata masuke mawili kati ya matano.

"Mwambie huyo daktari wako," akasema, "mbegu ikifia mkononi mwake, asije kunipa pole. Aje anipe mbegu."

Nikampelekea Daktari na maneno yale yale. Hakucheka. Akaitikia kama mtu anayepokea amana.

Alikuwa amekodi juu ya nyumba ya Bi Mwanasiti, Mji wa Kale, pale pa kuanika nguo palipopigwa sakafu. Tukapandisha ngazi madebe kumi na mawili na magunia ya udongo wa kwetu mwekundu. Ngazi za nyumba zile mwazijua, nyembamba na zasimama wima kama zaenda mbinguni. Niliubeba mimi udongo wote.

Mpango ulikuwa rahisi. Madebe yote yanyweshwe hadi mtama ufike magotini. Kisha sita yaendelee kunywa, na sita yasipewe hata tone mpaka Daktari aseme. Ya kiu yalipangwa matatu karibu na mlango wa ngazi na matatu kule mwisho ukutani. Juu tukatega turubai dogo la kufunikia madebe mvua ikitokea.

Kazi yangu ilikuwa kunywesha yale sita kila jioni nikitoka Shimanzi. Daktari alikuwa akizunguka Kilifi na kwengine, akirudi baada ya wiki mbili tatu. Wa kupanda ngazi kila siku na kuandika hali ya mimea alikuwa msaidizi wake.

Bwana Feruzi. Huyu ndiye wa tatu, na huyu bado ananikaa kooni.

Feruzi alikuwa na digrii na viatu vyeupe. Hakuwahi kupita mlango wa juu. Alisimama pale kwenye kizingiti, akatupa jicho, akaandika, akashuka kunywa kahawa. Mimi nilimuona, lakini hamali amwambie nini mtu wa digrii?

Huku nyumbani mvua za vuli zikaanza, mamangu akazika mbegu yote iliyobaki. Mvua ikanyesha siku tatu ikaenda zake. Hakikuota kitu. Barua aliandikiwa na jirani, nikaisoma Tononoka: mtama uliobaki duniani ni huo ulioko kwenu.

Wakuu, tangu siku hiyo nilipanda ngazi zile kama mtu anayekwenda kumuona mgonjwa wake.

Daktari akarudi. Daftari la Feruzi lilisema madebe yote sita ya kiu yamenawiri. Akapanda mbio kwa furaha. Alipofika juu akakuta matatu ya mlangoni ni kijani kibichi, na matatu ya ukutani majani yamejikunja kama mkeka. Tofauti hiyo mimi nilikuwa naiona kila jioni, nikidhani ni kivuli cha mlango.

Feruzi hakungoja kuulizwa. Akasema ni hamali, hajui kusoma, amechanganya madebe. Akasema utafiti umeharibika, tung'oe vyote tupande upya.

"Kwa mbegu gani?" nikauliza.

"Mbegu kitu gani? Mtama tu huo."

Na mkono wake ulikuwa umeshashika shina.

Sijui nilipata wapi ujasiri. Nikaushika mkono ule nikauondoa, polepole, kama unavyomuondoa mtoto kwenye sufuria ya moto. Kisha nikainama nikainua debe la ukutani. Nikalirudisha. Nikainua la mlangoni, kisha la pili yake. Wakuu, mtu aliyebeba magunia miaka sita, ukimtilia gunia lililolowa maji kidogo tu, bega lamwambia.

Nikamwambia Daktari, "Hili la mlangoni limekunywa, wala si siku nyingi. Hili la pili limekunywa kidogo. Na haya ya ukutani hayajaonja maji tangu ulipokataza."

Feruzi akasema sasa hamali amekuwa mganga.

Daktari alikuwa ameshageuka kuelekea ngazi. Akashuka kwa jirani mwenye duka, akarudi na mizani. Akanigeuza nitazame ukuta, akanifunga macho kwa kitambaa, akayahamisha hamisha madebe, kisha akaniambia niinue moja moja nipange kutoka zito hadi jepesi. Nikapanga. Akapima. Mpangilio ulikuwa ule ule.

"Basi nani anayenywesha?" akauliza.

Akajibiwa kutoka nyuma yetu. Bi Mwanasiti alikuwa amefika kizingitini na birika la udhu, anahema, mkono gotini.

"Ni mimi, mwanangu," akasema. "Mitama yafa kwa kiu mbele ya mato yangu, nami nina maji mkononi? Nikaulizwe nini kesho?"

Kila akimaliza kutawadha kwa sala ya alasiri, maji yaliyobaki birikani alikuwa akipanda nayo kuwapa maskini wale, apate thawabu. Na magoti yake yalikuwa yakikomea mlangoni. Ya ukutani hakuyafikia, akayaombea dua tu.

Daktari akaketi kwenye ngazi akacheka mpaka akafuta machozi. Nami nikacheka. Feruzi akatazama viatu vyake.

Maana sikizeni: Feruzi alikuwa akisimama pale pale alipokomea bibi. Aliona matatu, akaandika sita. Bibi wa miaka sabini na kitu aliufikia mtama, mtu wa digrii hakuufikia.

Hakikung'olewa kitu. Daktari akamueleza Bi Mwanasiti kwamba mitama hii inafunga saumu kwa ajili ya watu wenye njaa, na saumu ina wakati wake wa kufuturu. Hapo bibi akaelewa kuliko mtu yeyote. Tangu siku hiyo alipanda na tasbihi tu, akikaa kulinda mtu mwengine asiinyweshe.

Nami kazi yangu ikabadilika. Kila jioni niliinua madebe yote, mizani inathibitisha, Daktari anaandika mwenyewe.

Siku ya futari ilipofika, akamwachia bibi atie maji ya kwanza. Alishikwa mkono na mimi mpaka ukutani. Baada ya siku nne yale majani yaliyojikunja yakafunguka. Matatu yote. Na yakatoa masuke, madogo lakini yamejaa.

Nikayapeleka nyumbani kwa mkono wangu. Mamangu aliyanusa, akasema hayana moshi bado, akayaning'iniza juu ya mafiga. Jioni nikamsikia akiimba jikoni. Tangu babangu afe nilikuwa sijamsikia.

Leo kilima chetu chote chalima mtama ule. Mimi niliacha Shimanzi nikarudi shambani. Mke wangu apikia gesi, lakini nimejenga jiko la mafiga kando, si la kupikia, ni la kutilia mbegu moshi. Majirani wanicheka, kisha waja kuazima.

Ripoti ilipotoka jina la Feruzi lilikuwemo, langu halimo. Iliniuma, sitadanganya. Lakini nakala aliyonitumia Daktari ina mstari wa kalamu pembeni kwa Kizungu, mke wangu alinifasiria: "Mizani ya kwanza ilikuwa mikono ya Bwana Mwero." Mwero ndiye mimi. Kombo alisema twajua uzito tu. Kweli, twajua.

Bi Mwanasiti alishatangulia, Mungu amlipe maji yake yote.

Nilichojifunza: elimu si kitu kibaya, lakini isiyovuka kizingiti haioni nusu ya shamba. Na kabla hujamwambia mtu atupe mbegu ya wazee wake, muulize kwanza ilipita wapi.

Mlio na mbegu za zamani kwenu semeni hapa, ni ya nini na huwekwa vipi. Wanaotaka kunipinga pia waje.

Na kama Feruzi yumo humu, karibu kwangu. Safari hii panda hadi juu.