Kipimo cha Sisimizi

Mwanangu wa kwanza alipoanza kumaliza mtungi wa maji karibu peke yake, zahanati ya kwetu Rugu walimtoboa kidole, wakasema malaria. Akameza klorokwini. Akazidi kukonda. Wakamtoboa tena, malaria tena. Damu wanayo mkononi, na swali lao ni hilo hilo moja.

Mama mkwe aliona mjukuu ana kiu na hana nguvu, akafanya ambacho bibi yeyote wa huku angefanya. Akamkamulia omuramba, juisi ya ndizi mbivu, akamnywesha kibuyu baada ya kibuyu. Mimi nikashukuru! Nyuma ya jiko, pale mtoto alipokojoa, sisimizi walijaa mpaka udongo ukawa mweusi. Mama mkwe akasema kuna mtu katutupia kitu.

Siku aliposhindwa kuamka tulimbeba hadi Omurushaka, tukapandia basi hapo kwenda hospitali. Muuguzi alimwinamia, akanusa pumzi yake, akakimbia kumwita daktari. Kisukari. Wakamchoma insulini, na baada ya siku chache mwanangu akaketi, akaomba ndizi na maharage.

Daktari akaniita pembeni.

"Mama, kuna kiungo nyuma ya tumbo, kongosho. Hicho ndicho kinachotengeneza insulini. Askari wa mwili wa mtoto wamekigeukia, wamekiharibu."

"Nani kawatuma?"

"Hakuna aliyewatuma."

Sisi tuliokuwa wasichana wakati wa vita vya Kagera tunajua askari anaweza kumla mbuzi wa mtu anayemlinda. Nilimwelewa vizuri sana. Lakini mgongoni nilikuwa na binti, hata meno hajamaliza kuota.

"Na huyu je?"

Akasugua macho. "Ulaya kuna kipimo. Wanatafuta alama kwenye damu, zinazoonyesha askari hao wameshaanza vita, hata kabla mtoto hajaugua. Hapa tunaona sukari tu, kwenye damu na kwenye mkojo. Na ikionekana, kongosho limeshaharibika."

"Basi mtoeni damu mpeleke huko."

Akacheka. "Itaoza kabla ya kufika Mwanza."

"Dagaa wanatoka Mwanza mpaka hapa, damu ya mtoto ishindwe?"

"Dagaa wamekaushwa, mama."

"Ikausheni basi!"

Akaacha kucheka. "Hata tukijua, hatuna dawa ya kuzuia. Utajua tu, basi."

"Nataka kujua."

"Nenda nyumbani, mama."

Nikaenda nyumbani. Na tangu hapo sikutulia. Binti akiomba maji, moyo unaruka. Akilowesha kitanda, nanusa shuka. Usiku namgusa mbavu kuona kama zimetokeza. Nimesoma hadi kidato cha nne, nikajifunza moyo na figo, nikachora na jicho la ng'ombe, na elimu yote hiyo ikaishia kunusa shuka.

"Unamnyima mtoto raha," mama mkwe akaniambia. "Kwetu ugonjwa huo haupo. Umeuleta wewe kutoka kwenu, ng'ambo ya mto."

"Na omuramba nao niliuleta mimi?"

Niliona uso wake ukianguka. Sikuomba radhi. Tukawa tunapishana mlangoni kama wapangaji, shikamoo, marahaba, basi.

Asubuhi moja nikazunguka nyuma ya jiko kabla ya kuwasha moto, kama kawaida yangu. Nikamkuta mama mkwe. Amechuchumaa pale binti anapokojolea, kanga ameikusanya magotini, uso karibu uguse udongo.

"Shikamoo mama. Unatafuta nini?"

"Marahaba. Unachokitafuta wewe."

Nikachuchumaa kando yake. Udongo mbichi, jani la mgomba, mnyoo mmoja.

"Jana nilikuja, sisimizi hawakuwepo," akasema. "Leo pia hawapo."

"Kesho je?"

Ndani ya nyumba binti akaamka, akaanza kulilia maji. Tukatazamana.

"Nenda kampe," mama mkwe akasema. "Halafu mlete akojoe hapa. Mimi namsubiri."