Pikipiki Mbili Nyekundu, Mia na Vensenki

Ninyi mliokulia Goma pamoja nami, kabla simu haijaingia kila mfuko, mnajua kwamba zamani tulikuwa na masikio. Watoto wa leo masikio yao ni ya kuchomekea vidude vya muziki tu. Sisi tuliketi juu ya ukuta wa mawe meusi ya volkano, kule Keshero, miguu imejaa vumbi, mdomoni kipande cha muwa, na pikipiki ilipoanza tu kupanda kutoka barabara kubwa tulimtaja mwenyewe kabla hajaonekana. Ulikuwa mchezo wetu. Aliyekosea alimbebea mwenzake bidoni, dumu zima la maji, kutoka ziwani Kituku, na aliyewahi kupanda mlima ule na bidoni mbili hakupenda kukosea tena.

Kwetu zilikuwa mbili. Papa, yaani baba yangu, na mdogo wake, tuliyemwita papa mdogo, walizinunua siku moja, duka moja, nyekundu zote. Tangi lile lile, taa ile ile, kiti kirefu cheusi kile kile, silinda moja kila moja. Tofauti ilikuwa ukubwa wa mota tu: ya Papa ilikuwa ya mia, ya papa mdogo ya mia na ishirini na tano. Watoto tulikikata Kifaransa cha wakubwa tukaziita Mia na Vensenki, yaani ishirini na tano. Mgeni alilazimika kuinama asome namba ubavuni. Sisi tulisikiliza. Mia ilikuwa na sauti nyembamba ya haraka, kama mtu anayekatakata mboga za lengalenga kwenye ubao. Vensenki ilikuwa nzito, unaisikia tumboni kwanza.

Basi zikaleta ubishi usiokwisha. Tukiwa tumeizunguka sahani ya fufu na visamaki vya sambaza, Papa alisema, na kwetu njo ni ndiyo, "Mota yenye kukunywa mafuta kidogo njo inarudia nyumbani." Na papa mdogo, bila kumeza vizuri, alimjibu kaka yake, "Yaya, mota yenye kupanda njo inarudia nyumbani." Wote wawili walikuwa na haki. Mia ilikwenda mbali kwa mafuta ambayo Vensenki iliyamaliza nusu ya njia, lakini ukiipakia magunia mawili kwenye mlima, abiria anashuka na kusukuma. Vensenki ilipanda bila kubembelezwa. Mimi nilikuwa upande wa Papa, kwa sababu alikuwa Papa.

Kazi yao ilikuwa ya Bunagana, mpakani na Uganda. Walitoka alfajiri, wakarudi alasiri na sabuni, mafuta ya kupikia na vitambaa kutoka ng'ambo. Tuliishi parseli moja, ua mmoja, nyumba mbili za mbao zikitazamana, na mama zetu walikuwa na utulivu wa kuigiza mpaka saa tisa. Baada ya saa tisa mama alianza kufagia mahali palipokwisha kufagiwa, na mama mdogo, mke wa papa mdogo, alitoka mlangoni kila baada ya dakika chache akisingizia kuangalia nguo kwenye kamba. Barabara ile haikuwa ya kuaminika, kila mtu alijua, na hakuna aliyesema. Kilichowatuliza ni kwamba ndugu wale walikuwa na sharti lao: hawaachani njiani. Vensenki ilitangulia, Mia ikafuata. Sauti mbili. Kila siku sauti mbili.

Siku ninayoisema, mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi, na watu walikuwa wakishuka kutoka upande wa Rutshuru, kwa njia hiyo hiyo ya Bunagana, na magodoro kichwani. Mama alimuuliza mmoja habari za njia. Yule mtu alitikisa kichwa tu akapita. Saa tisa ikafika, saa kumi ikapita. Nilikuwa ukutani peke yangu, kwa kuwa wenzangu walikuwa wameitwa nyumbani kwao, na nilisikiliza mpaka shingo ikauma.

Kisha nikasikia. Nzito, ya tumboni.

"Vensenki!" nikapiga kelele. "Papa mudogo anakuya!"

Mama mdogo akapiga makofi, akamshukuru Mungu kwa Kinande, lugha ya kwao, akakimbilia jikoni kumwekea mume wake maji ya kuoga. Mama akaja mpaka chini ya ukuta.

"Na Mia?"

"Sisikie Mia, mama."

"Sikiliza bien, sikiliza muzuri, Kahindo."

Nikasikiliza. Kwa jina la Mungu nilisikiliza. "Iko moya tu, mama. Ni Vensenki. Niko na hakika."

Nilikuwa na miaka tisa na nilijivunia ile hakika. Mama alikaa juu ya mawe yenye maji, akafungua kitambaa cha kichwani, akaanza kulia kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia tena kwake. Majirani wakatoka. Kwetu mwanamke akifungua kitambaa na kukaa chini, hakuna anayeuliza kimetokea nini.

Ndipo Vensenki ikakata kona, na aliyekuwa juu yake alikuwa Papa.

Amejaa matope mpaka kifuani. Mama aliruka kama msichana, akamshika koti, akacheka na kulia, akampiga begani kwa jinsi alivyomtisha bure. Mimi nilishuka ukutani nikalishika goti la Papa. Tulikuwa na furaha ya aibu, ya kupiga kelele, na katikati ya kelele zile mama mdogo akatoka jikoni na karai la maji ya moto, anatabasamu. Akaitazama pikipiki. Kisha akamtazama aliyekaa juu yake.

"Bwana yangu eko wapi?"

Papa alieleza akiwa ameinamisha macho. Njiani walikuta mwanamke mmoja na mtoto mwenye homa kali, anatetemeka, na hakuna gari. Mia isingewapandisha watu watatu katika matope yale. Papa mdogo ndiye aliyesema wabadilishane, kwa kuwa yaya wake aliendesha kwa uangalifu zaidi. Wakamimina karibu mafuta yote ya Mia ndani ya Vensenki. Papa alimfikisha mtoto hospitali, kisha akaja.

"Njo anabakia na Mia, kale kadogo," alisema. "Atakuya."

Mama mdogo aliweka karai chini polepole, hata tone halikumwagika. Hakulia. Alinitazama mimi. Furaha nilimpa mimi, kwa mdomo wangu, na ilikaa kwake muda wa kuchemsha maji.

Papa mdogo alirudi kesho yake kama saa nne asubuhi, kwa miguu, akisukuma Mia isiyokuwa na hata tone la mafuta. Mimi nilimwona wa kwanza, kwenye kona, nikayashika mawe ya ukuta kwa mikono miwili. Alipita chini ya ukuta akasema, "Kahindo, hauniamukie?" Nikaanza kulia. Mama mdogo alimpiga kifuani kwa mikono yenye sabuni, kisha akaegemea pale pale. Wanaume walirudia ubishi wao siku hiyo hiyo, fufu mkononi. Lakini mama mdogo hakuniuliza tena ni nani anayekuja, na mimi sikuupanda tena ukuta ule kucheza.

Leo binti yangu ni muuguzi katika kituo cha afya upande wa Sake. Mwezi uliopita alinionyesha picha mbili kwenye simu, pikipiki mbili za kufanana, moja ya mia na ishirini na tano na nyingine ya mia na hamsini. "Mama, nichague gani? Hii inakunywa kidogo, hii inapanda." Nikamrudishia simu yake. Alichukua ya mia na hamsini, akanicheka: siku hizi kuna simu, mama, wasiwasi wa nini?

Enzi zetu pikipiki zilikuwa chache, na kila moja ilikuwa na mtu wake. Sasa mji mzima unaunguruma kwa sauti moja. Binti yangu ametoka saa moja asubuhi. Tangu saa sita rezo, mtandao wa simu, imekatika, na simu yake inasema haipatikani. Tangu nianze kuandika haya zimepita pikipiki kumi na moja hapa nje, zote zina sauti ya ile yake, na kwa zote kumi na moja nimesimama mlangoni.