Nyasi za Mama Koku

Ipo siku moja, mwanangu unayeanza kazi ya uganga, ya enzi za Mwingereza kule Kagoma, ambayo ningetoa mengi niirudie. Nilikuwa nimetoka Kampala na diploma yangu ya uganga, wa kwanza katika ukoo wetu wa Ngenge. Masomo niliyapata kwa kubeba magunia ya kahawa bandarini Bukoba, bila mfadhili. Nasema bila haya; mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Kila Jumatatu mjane mmoja, Mama Koku, alikuja zahanati akilalamikia kifua. Nilimpima, nikakuta mapafu safi, nikampa dawa ya maji. Jumatatu ile nikachoka. Nikamwambia mbele ya wagonjwa wote kwamba haumwi, asiwajazie benchi wenye homa. Akaitikia “Waitu,” kwa adabu yetu ya Kihaya, akaondoka. Wiki mbili hakuonekana, nami nikajisifu kwamba nimemponya.

Dresa wetu, Mzee Athumani, Mwislamu wa Bukoba mjini aliyefunga vidonda tangu sijazaliwa, alicheka. “Umemponya, bwana mganga? Basi twende tukamwone huyo mzima wako.”

Tulimkuta amelala, hajala siku ya tatu, na ndizi zinaivia mgombani. Unajua sisi hutandika nyasi mbichi ndani tukitarajia mgeni. Zake zilikuwa zimegeuka vumbi. Wanawe wote walikuwa Uganda, kazini.

“Soma hapo sakafuni,” mzee akaniambia taratibu. “Huyu hatarajii mtu. Hilo chuoni hamkufundishwa?”

Nilimkumbuka mama yangu, aliyefariki mimi nikiwa Kampala. Habari ilinifikia ameshazikwa. Sijui sakafu yake ilikuwaje. Hadi leo sijui.

Mzee hakutoa dawa. Aliwaendea wanawake jirani wanaosuka mikeka, akawaomba wawe wanasukia nyumbani kwa Mama Koku. Wakaja na mafungu ya nyasi mbichi, wakatandika, wakapika, wakamsengenya kila mtu wa Kagoma. Mama Koku akaanza kwa kuwasahihisha, akaishia kula.

Mwanangu, mtu ni watu. Mgonjwa akikurudia mara ya tatu na kifua kizima, muulize anakula na nani. Wala usimwelekeze kwa mdomo tu. Fuatana naye mpaka kwa hao watu, umwache amekaa. Dawa mpe inapohitajika.

Mungu akujalie mlango usiokosa hodi, na akurudishe kwa mama yako angali na nguvu za kukukaripia.