Ngoma Niliyoitoboa Tumbo

Mimi si mtu wa hadithi za mizimu. Ni fundi wa kurekodi muziki, na maisha yangu yote nimeamini masikio yangu tu. Lakini hili lilinipata mwenyewe, mchana kweupe, nyumbani kwangu Kizota. Ukitaka kucheka, cheka sasa hivi.

Nilikuwa narekodi kwaya ya mtaani. Studio yangu ni chumba cha uani: trei za mayai ukutani, godoro mlangoni, kompyuta ya mtumba na maiki mbili. Dramu niliazima, zikaja bila ile kubwa ya kupigwa kwa mguu. Kutafuta nyingine niliona gharama, na ubahili nao ni ugonjwa, niamini. Nikakumbuka ngoma ya marehemu bibi, iliyokuwa kwa shangazi yangu kule Zuzu. Ni ngoma ya wanawake wa Kigogo, huibana mapajani wakaipiga kwa mikono. Hii ilikuwa na ngozi huku na huku.

Shangazi alinipa, lakini alisema, "Mwanangu, hii sisi tunaiita mama. Ipige kwa mkono, na uirudishe kama ilivyo."

Nikaitikia, ndiyo shangazi. Kufika nyumbani nikailaza chini, nikaifungia kanyagio la mguu. Ikawa inavuma mno. Sisi mafundi dawa ya mvumo tunaijua: unakata tundu kwenye ngozi ya mbele, unashindilia blanketi ndani, unaingiza maiki. Nikachukua kisu. Mke wangu Neema, mimba yake ya miezi saba, alikuwa amesimama mlangoni.

"We mwanaume, hiyo si ya kwako," akasema.

"Tundu lenyewe la kisahani tu. Nitaliziba." Nikakata, nikashindilia blanketi.

Sasa Kizota kuna mafundi wa kuchomelea kila upande, mashine zao hazinyamazi. Saa ya kimya ni moja tu, saa saba mchana, wakienda kula. Wazee wanasema saa saba mchana si saa ya kuchezea. Mimi nikasema wazee hawakuwahi kurekodi.

Kesho yake Neema akaenda kliniki. Nikafunga mlango kwa komeo, nikavaa hedfoni, nikakanyaga. Dum. Nikasikia mtu anaguna. Nikakanyaga tena, akaguna tena. Nikadhani ni kiti kinalia, nikakipaka mafuta! Mtu mzima na akili zangu, napaka kiti mafuta. Nikakanyaga mara ya tatu, na mguno ule ukatokea nyuma yangu, nje ya hedfoni.

Nikageuka. Kwenye ndoo niliyoipindua iwe kiti cha wageni ameketi mama mtu mzima, shanga shingoni, ameikumbatia kanga tumboni kwa mikono miwili. Komeo liko palepale. Angepitia wapi?

"Mbukwa," akanisalimu kwa Kigogo.

"Mbukwa. Shikamoo, mama."

Shikamoo yangu hakuipokea. "Kunauma, mwanangu," akasema. "Na humu ndani kuna joto."

Akaifungua kanga. Damu haikuwepo, afadhali ingekuwepo. Palikuwa na tundu la duara, ukubwa wa kisahani, na humo limechungulia pindo la blanketi langu la kijivu.

Akatazama mlangoni, pale pale aliposimama Neema jana yake. "Tumbo langu umelitoboa," akasema polepole. "La mkeo liko wapi?"

Nilijikojolea, sioni aibu kusema. Nilifumba macho, na nilipofumbua, juu ya ndoo hapakuwa na mtu. Nikalichomoa blanketi kwenye ngoma. Lilikuwa na joto la mwili wa mtu.

Nilidandia bodaboda hadi Zuzu, ngoma nimeipakata. Shangazi aliliona tundu, akakaa chini kwenye vumbi, akalia. Kisha akaniuliza kipande nilichokata kiko wapi. Kwa bahati nilikuwa nacho.

"Kishone wewe mwenyewe, kabla jua halijazama."

Sijawahi kushona hata kifungo. Nilishona kwa sindano ya magunia, machozi yanadondokea ngozi. Mshono wa mwisho ukaenda upande. Nikataka kuufumua, shangazi akanishika mkono. "Uache hivyo hivyo."

Usiku Neema akanisimulia kwamba saa saba, akiwa kwenye foleni, tumbo lilimkata kama kisu, mara tatu. Maumivu yalimwachia magharibi. Nilikuwa sijamwambia neno.

Mtoto wetu alizaliwa salama, msichana, sasa anakimbia. Juu ya kitovu ana kovu la duara. Nesi aliyempokea aliuliza nani kamshona.

Dramu sirekodi tena. Na wewe unayenisikiliza, ukipewa kitu cha watu ukaambiwa kirudishe kama kilivyo, kirudishe kama kilivyo. Mimi kila nikimwogesha mwanangu ninaiona mishono ile. Ni mibaya, ya mtu asiyejua kushona, na wa mwisho umekwenda upande.