Chai ya Mkaguzi wa Mabenki

Shemeji yangu ni mtu wa kuhakiki. Jina la Hakiki tulimbandika siku ile ile alipokuja kumposa dada yangu, maana kabla hajaketi alifungua na kufunga mlango wetu wa mbele mara kadhaa, akamweleza baba kwamba bawaba ya chini imelegea. Baba alimpa mke. Bawaba hajaitengeneza mpaka leo.

Nyumbani kwake hakuna kinachopita hivi hivi. Maziwa huyanusa kabla ya kuchemshwa, na yakishachemshwa huyanusa tena. Mtungi wa gesi anaupaka povu la sabuni kila Jumamosi kuona kama unavuja. Akiingia dukani kununua balbu, muuzaji anaanza kutafuta pa kuijaribia kabla hata ya salamu. Dada yangu alishachoka kugombana naye. Ikawa akirudi sokoni anaweka kikapu mezani, anakaa pembeni na kumwacha mumewe ageuze vitunguu kimoja kimoja mpaka roho yake itulie.

Mtu wa namna hiyo akiachiwa benki aikague, ungedhani wenye benki watakonda. Thubutu. Hakiki ni mkaguzi wa mabenki, ameajiriwa na serikali kwa kazi hiyo hasa: kuingia benki moja baada ya nyingine na kuangalia kama pesa wanazosema wanazo kweli wanazo, na kama mikopo imetolewa kwa watu watakaolipa au kwa wapwa wa wakurugenzi. Ni kazi nzito, kwa sababu benki ikianguka huwaangukia watu. Lakini ukali wote ule wa vitunguu huuacha mlangoni kila asubuhi pamoja na kandambili, akavaa viatu vya ofisi na upole.

Na ofisi yenyewe ilikuwa ya upole. Utaratibu wao ulikataza kuishtukiza benki. Ilitumiwa kwanza barua, wiki mbili kabla, ikitaja siku ya ukaguzi, tawi litakaloanza, tawi litakalofuata, na wakaguzi wangapi watahitaji chakula cha mchana. Niliwahi kumuuliza sababu.

"Ni ustaarabu, shemeji," alinijibu. "Tunawapa nafasi wajiandae."

"Wajiandae kuwa na pesa?"

"Wewe mambo ya usimamizi huyajui," alisema, akaenda kunusa maziwa.

Sasa kulikuwa na benki moja yenye jina refu la kiofisi, ila mjini kila mtu aliiita Chemchemi. Katikati ya ukumbi wake palikuwa na mtambo wa kurusha maji juu, yakianguka kwenye beseni la marumaru lenye taa za rangi, na wateja walikuwa wakipanga foleni kupiga picha hapo. Chemchemi iliwapa wenye akiba faida mara mbili ya benki nyingine yoyote. Hakuna aliyeuliza inaitoa wapi. Watu waliona kwamba mwenye kuchezea maji vile hawezi kukosa pesa. Mimi pia niliitamani, ila sikuwa na cha kuweka, na hiyo ndiyo mara pekee umaskini wangu umenifaa.

Hakiki ana dada mkubwa, fundi cherehani, na sote tunamwita Fundi. Wazazi wao walifariki Hakiki akiwa bado mtoto wa kaptula. Kaptula hizo alizishona Fundi, ada ya shule alilipa Fundi, na suti aliyoendea kuomba kazi ya ukaguzi ni mkono wa Fundi pia. Yeye mwenyewe hakuolewa. Akiulizwa alikuwa akisema kuna mteja anasubiri. Chumba chake cha kushonea kilikuwa kando ya barabara, kipana, chenye dirisha kubwa lililomwaga mwanga juu ya meza ya kukatia, na alikuwa amekipanga tangu ujana wake. Mwaka huo mwenye nyumba alitaka kukiuza, akampa Fundi nafasi ya kwanza. Fundi akauza kiwanja chake pekee, akapata pesa za kutosha. Kilichobaki ni mwenye nyumba kufuatilia hati ofisi za ardhi, na ofisi za ardhi mnazijua. Pesa zilihitaji pa kukaa kwa miezi michache.

Jumapili moja, mezani kwa dada yangu, Fundi akamuuliza mdogo wake. Nilikuwepo, nimejaza mdomo.

"Eti mdogo wangu, hawa wa Chemchemi ni wazima? Nataka niwawekee pesa za chumba."

Hakiki aliweka kijiko chini, akajifuta midomo, akavimba kidogo. Sheria ya kazi yake hairuhusu kumwambia mtu wa nje hali ya benki, iwe nzuri au mbaya. Angeweza kusema tu kwamba haruhusiwi kusema. Lakini hilo lingemfanya aonekane mdogo mbele ya mtu aliyekuwa akimfunga vifungo vya shati.

"Mimi ndiye ninayewakagua," alisema.

"Basi yameisha," alisema Fundi, akaendelea kula.

Kesho yake akapeleka pesa zote. Alikuwa akijua jinsi mdogo wake anavyokagua vitunguu.

Haukupita muda mrefu, zamu ya Chemchemi ikafika. Barua ilitangulia kama kawaida, na Chemchemi ikajiandaa. Kuta zikapakwa rangi, beseni likasuguliwa, wafanyakazi wakashonewa tai mpya. Kazi ya tai alipewa Fundi, akafurahi kuona benki yake inapendeza.

Kilichotokea siku ya ukaguzi nilisimuliwa na Hakiki mwenyewe, baadaye sana, alipokwisha kuamini kwamba ni hadithi ya kumpa sifa. Asubuhi walianza tawi kuu. Meneja, mtu mwenye tabasamu lisilozimika, aliwashusha hadi chumba cha hazina, chumba baridi kisicho na dirisha, chenye masanduku ya mbao yaliyopangwa hadi kifuani. Hakiki akachagua machache, yakafunguliwa, pesa zikawemo. Katikati ya kazi meneja akaagiza chai. Humo ndani hamna meza, basi Hakiki akaweka kikombe chake juu ya sanduku, na kwa kuwa chai ilikuwa imefurika, kilipoondolewa kiliacha duara kwenye mbao. Akatia saini, akapongeza.

Kisha chakula cha mchana. Kilikuwa cha hotelini na kilikuwa kirefu. Kila walipotaka kuinuka kililetwa kitu kingine, na meneja alikuwa akitoka kidogo kupiga simu, akirudi na tabasamu lake. Jua lilipoanza kuinama ndipo wakavuka mji pamoja naye kwenda tawi la pili, wakashushwa tena chini, wakakuta tena masanduku ya mbao hadi kifuani.

Hakiki alikuwa karibu kuegemea moja alipoliona. Duara la chai, lenye mkia mdogo upande mmoja pale alipoburuta kikombe. Akaligusa kwa kidole, likanata. Akainama akalinusa. Tangawizi. Nadhani ndiyo siku pekee Hakiki wa nyumbani aliwahi kufika kazini.

"Kuna tatizo, mzee?" aliuliza meneja.

"Sanduku hili lina doa."

"Ah, vijana wetu hawa. Nitawasema."

Sasa sikilizeni ujinga wa mtu mwenye akili. Hakiki alielewa yote pale pale: pesa ni zile zile, wao walipokuwa wakila zilikuwa njiani, na Chemchemi ilikuwa na akiba ya tawi moja ikiionyesha kila tawi. Lakini ili aandike hivyo ilibidi athibitishe kwamba sanduku ni lile lile. Ili athibitishe ilibidi aseme doa limetoka wapi. Doa lilitoka kwenye kikombe chake, na mwongozo wa maadili ya wakaguzi unakataza kuingia na kinywaji chumba cha hazina. Kifungu hicho alikiandika yeye mwenyewe, akapewa cheti, na cheti kimetundikwa sebuleni kwake juu ya televisheni. Basi alikaa kwenye gari la ofisi akifikiri, akaandika hivi: "Sanduku moja limeonekana na doa la kinywaji. Uongozi wa benki unashauriwa kuimarisha usafi katika vyumba vya hazina."

Nikiikumbuka sentensi hiyo damu inanichemka. Nimemjua huyu bwana miaka mingi, ameula wali wa mama yangu, na bado kuna siku natamani kumtumbukiza kwenye beseni lile.

Jumamosi yake alikwenda kwa Fundi. Fundi anasema mdogo wake alisimama mlangoni, akakataa kiti, akauliza kama hati imetoka. Bado, alijibiwa, labda mwezi ujao. Hakiki akafumbua mdomo, akaufumba. Akatazama meza ya kukatia, akatazama dirisha, halafu akachuchumaa karibu na cherehani, akashika plagi, akasema inapata moto sana na soketi ile ni ya hatari, ibadilishwe. Kisha akaaga. Siri ya kazi alikuwa ameitunza, na Fundi akabadilisha soketi.

Chemchemi ilifungwa kabla mwezi haujaandama. Asubuhi watu walikuta tangazo kwenye kioo cha mlango, na nyuma ya kioo maji bado yanaruka na taa za rangi zinawaka, maana aliyefunga milango hakukumbuka kuzima mtambo. Niliwakuta wamebana nyuso kwenye kioo. Fundi alikuwa miongoni mwao, mkanda wa kupimia ungali shingoni. Hakulia. Aliniuliza tu kama nimemwona mdogo wake.

Mfuko wa kulinda wenye akiba ulimlipa kila mtu kile kiwango cha chini kilichowekwa na sheria. Kwa Fundi kilitosha kununua mlango na dirisha la chumba kile, kama mtu angekubali kumuuzia bila kuta. Hati ikatoka wiki hiyo hiyo. Mwenye nyumba alisubiri kidogo kwa haya, kisha akamuuzia muuza makava ya simu, ambaye alifunika dirisha lote kwa rafu.

Serikali ikaunda tume. Tume ikataka ripoti zote za ukaguzi, na zote zilikuwa safi kama beseni la Chemchemi, isipokuwa moja iliyotaja doa. Mkurugenzi wa Hakiki alikuwa amekwishaona kwamba ofisi nzima inakwenda na maji, akaishika sentensi ile kwa mikono miwili. Ofisi yetu, aliiambia tume, ilibaini dalili mapema. Basi Hakiki akapandishwa cheo. Akafanywa mkuu wa kitengo kipya cha kuimarisha usimamizi wa mabenki na kuzuia majanga ya fedha, akaandaliwa semina hotelini, na kila aliyehudhuria alipewa mkoba na kalamu. Semina ilitoka na azimio moja zito: barua ya kuiarifu benki sasa itatumwa wiki moja kabla, badala ya mbili.

Fundi hakuwa na pa kwenda na cherehani. Dada yangu akasema wifi aje, na cherehani ikaingia sebuleni, chini ya kile cheti.

Jumapili moja baada ya hapo nilikwenda kuchukua suruali yangu. Hakiki alikuwa kwenye meza ya chakula, karatasi zimemzunguka, akiandika mwongozo mpya. Alikuwa na furaha, ndipo akaanza kunisimulia kisa cha doa, kwa madaha, hadi kwenye tangawizi. Cherehani ikasimama.

"Ulijua ni chai yako?" aliuliza Fundi.

"Nilijua mara moja, dada. Mimi hanipiti mtu."

"Ile Jumamosi uliponijia, ulikuwa unajua?"

Hakiki alivua miwani. Akasema kuna sheria za kazi, kuna viapo, kwamba mkaguzi akianza kunong'oneza ndugu zake kila mtu atakimbilia pesa na benki itaanguka.

"Kwani haikuanguka?" alisema Fundi.

Dada yangu alikuwa amesimama mlango wa jikoni na kikapu cha sokoni mkononi. Hakukiweka mezani. Alirudi nacho ndani, na tangu siku hiyo vitunguu vya nyumba ile havikaguliwi tena.

Cherehani ikaanza upya, na Hakiki akavumilia kidogo, kisha akainua mkono.

"Dada, naomba usimamishe kidogo. Niko kwenye kifungu cha ulinzi wa wenye akiba, nahitaji utulivu."

"Siwezi, mdogo wangu," alisema Fundi bila kuinua macho. "Hiki kitambaa ni cha mtu. Aliniachia, na leo amekuja kukichukua."

Akamaliza pindo la mwisho, akakata uzi kwa meno, akanikabidhi suruali. Aliniambia kitambaa kilizidi kidogo na kilichobaki amekitia mfukoni. Nilitia mkono nikakikuta, kimekunjwa vizuri. Hakiki alikuwa ametazama karatasi yake, na kalamu ya semina haikuandika kitu mpaka nikaondoka.